Nani Mtu wa Mweru?

Nawasalimu mlioko Kashikishi na Nchelenge, mlioko visiwani Kilwa na Isokwe, na nyinyi wa ng'ambo, Pweto, Kilwa ya Kongo, Kasenga na Kashobwe, ambao Kiswahili chenu huvuka na kufika huku pamoja na magunia ya bidhaa. Mazungumzo yetu leo ni juu ya watu mashuhuri. Sitasoma orodha. Nataka tuulizane orodha yenyewe huandikwaje, na nani ana haki ya kuwemo.

Nianzie mbali kidogo, Ujerumani. Kuna mji wa zamani kule uitwao Jena. Si mji mkubwa, lakini una chuo kikuu tangu mwaka 1558, na ukiwauliza wenyewe watu gani maarufu wamehusika na mji wao, jioni yote itakwisha hawajamaliza kuwataja. Watakwambia mshairi Schiller alifundisha pale. Watakwambia Carl Zeiss alifungua karakana yake pale mwaka 1846, akatengeneza hadubini, na jina lake liko kwenye lenzi mpaka leo. Halafu watakutajia Karl Marx. Hapo ndipo mimi huwa nacheka. Marx alipata udaktari wa falsafa wa Jena mwaka 1841 bila kwenda kusoma pale. Alituma tasnifu yake kutoka Berlin, shahada ikatoka. Mtu aliyehusiana na mji kwa bahasha, naye wamemweka!

Na kuna mmoja ambaye sisi wasemaji wa Kiswahili tunamjua vizuri zaidi. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Alimpenda mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, akatoroka Unguja mwaka 1866, akawa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mumewe aligongwa na tramu akafa mapema, naye akalea watoto watatu katika nchi ya baridi. Alifia Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Kwa hiyo binti wa Sultani wa Unguja yumo kwenye habari za mji wa Thuringia. Hamburg nao walikipa kiwanja kimoja cha mji jina lake, kisha wakaliondoa, baada ya watu kukumbushana maneno yake ya kuutetea utumwa. Umaarufu ni jambo moja, heshima ni jambo jingine, na Wajerumani hawajamaliza kugombana juu ya hilo.

Lakini tazama utaratibu wao. Aliyezaliwa pale anahesabiwa. Aliyefika akafanya kazi anahesabiwa. Aliyefika akafa, hivyo hivyo. Hata aliyetuma karatasi. Sisi huku kwenye ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo, tukiulizwa habari ya mtu, swali la kwanza ni hili: amezaliwa upande gani wa maji? La pili: baba yake je? Tukifika la tatu tumeshakasirikiana.

Sasa tuje nyumbani. Mtoto wa shule akiambiwa ataje watu mashuhuri wa ziwa letu, atamtaja nani kwanza? Livingstone. Na kweli Livingstone alifika. Aliliona ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na wiki mbili baadaye alikuwa mbele ya mfalme wa Walunda, Mwata Kazembe wa saba, Muonga, akitazama mafuvu ya watu langoni na wahudumu waliokatwa masikio. Hakuwa mgeni wa kwanza kutoka mbali. Mreno Lacerda alikuwa amefika kwa Kazembe mwaka 1798 na kufia hapo hapo kwa homa. Baada yake wakaja Pedro João Baptista na Amaro José, Waafrika wawili waliotembea kutoka Angola hadi Tete na kurudi, safari ambayo Wazungu wengi waliitamani wakashindwa. Hao wawili hawana sanamu popote ninapopajua.

Livingstone alipofika kwa Kazembe alimkuta mtu mwingine tayari yupo: Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekaa kule miaka mingi, karibu mfungwa, hana ruhusa ya kuondoka. Aliachiliwa, na wakaondoka pamoja kuelekea Ujiji. Kiswahili, basi, kilikuwa kimekaa kwenye baraza la Kazembe kabla Kiingereza hakijabisha hodi.

Na mwaka huo huo wa 1867, kaskazini-mashariki mwa ziwa, katika nchi ya Itawa, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alipigana na Nsama wa Watabwa, akamshinda na kuchukua pembe zake za ndovu. Livingstone alikutana naye baada ya vita hivyo. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee Unguja, Tippu Tip aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode, aliyekuwa kwenye ubalozi mdogo wa nchi yake kule, akayatia katika herufi za Kirumi na kuyachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kitabu hicho ni miongoni mwa habari za maisha za mwanzo kabisa zilizoandikwa kwa lugha yetu na mtu mwenyewe, na vita vya jirani zetu vimo. Nifurahi au nihuzunike? Nafanya yote mawili. Pembe zile zilibebwa na watu, na wengi wa waliozibeba hawakurudi kwao.

Kwa hiyo ikiwa orodha ni ya waliopita wakaandika, tunayo, tena nzuri. Kasoro yake ni kwamba imeandikwa na wapita njia.

Mimi ningeanza kwingine. Ningeanza na mwanamke.

Kabla Walunda wa Kazembe hawajafika, wenye ziwa walikuwa Washila, wavuvi, na mkuu wao akiitwa Nkuba. Simulizi za Luapula, ambazo wazee wanazijua kwa moyo, zinasema Nkuba alimuua mwana wa dada yake, Nachituti. Hakuishia hapo. Ngozi ya kijana ilifichwa chini ya mkeka ambao mama yake alikuwa akiukalia. Mwanamke anakula, anazungumza, anacheka na ndugu yake, hajui amekaa juu ya nini. Mtu mmoja akamnong'oneza. Nachituti hakupiga kelele. Aliondoka, akaenda kwa Mwata Kazembe, akataka kisasi. Jeshi likatoka, Nkuba akauawa. Ndipo Nachituti akachukua kapu la udongo na chungu cha maji akamkabidhi Mwata. Kapu ni nchi. Chungu ni mto, ziwa na vijito vyake vyote. Hayo ni mambo ya karne ya 18, na mpaka leo, watu wakibishana nani mwenye ardhi hii na nani mwenye maji haya, kapu na chungu vya Nachituti hutajwa. Mwanahistoria David Gordon alipoandika kitabu kizima juu ya uvuvi na jamii za hapa, kilichotoka mwaka 2006, alikipa jina la zawadi ya mwanamke huyo.

Naomba hata hivyo tuisikilize simulizi hii kwa masikio yote mawili. Mfalme mgeni aliyeshinda vita anapenda sana kusikia kwamba nchi alipewa zawadi. Washila wenyewe huenda wangeisimulia kwa namna nyingine wangeachwa. Lakini hata tukiitilia shaka, inabaki kwamba watu wa Mweru walipotaka kueleza nchi yao imetoka wapi, walimweka mwanamke mwenye uchungu katikati, si mfalme. Mimi sijaona bado mji wenye hati ya ardhi kama hiyo.

Wa pili kwangu ni Mwata Kazembe wa kumi na nne, Chinyanta Nankula, aliyetawala kuanzia 1941 mpaka alipofariki mwaka 1950. Huyu alifanya jambo ambalo wafalme wachache walilifanya wakati ule: alikaa na wazee, akakusanya habari za mababu zake, na kwa msaada wa Padre Labrecque, mmisionari Mkanada wa White Fathers, zikawa kitabu kwa Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi. Kilitoka mwaka 1951, mwenyewe hayupo tena. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyeishi Luapula kuanzia 1948, ndiye aliyekifasiri kwa Kiingereza. Wengine wameandikwa na wageni. Chinyanta aliandika mwenyewe, mgeni akafasiri. Msikilizaji, tofauti hiyo ni kubwa.

Wamisionari nitawapitia haraka, maana wana vitabu vyao vya kuwasifu. Dan Crawford, Mskoti, alijenga Luanza upande wa magharibi wa ziwa katika miaka ya 1890, akaitwa Konga Vantu, akafia pale mwaka 1926. Mabel Shaw alikuja Mbereshi, karibu na kwa Kazembe, mwaka 1915, akafungua shule ya bweni ya wasichana, ya kwanza katika Northern Rhodesia, akakaa mpaka 1940. Alikuwa mkali, na alikuwa na tabia ya kuzichukua desturi za wenyeji na kuzivalisha Ukristo, jambo lililowaudhi wamisionari wenzake na lisiwaridhishe wazee wote. Lakini wasichana walisoma. Wake wa walimu, wauguzi na wanasiasa wa baadaye wengi walipita mikononi mwa shule za aina hiyo, na majina yao hatunayo, kwa sababu ripoti za misheni zilimtaja zaidi mwalimu kuliko mwanafunzi.

Sasa tufike kwenye samaki, maana huwezi kusema habari za Kashikishi bila samaki. Asubuhi ukishuka mwaloni, mitumbwi ya chisense inaingia na taa bado ziko juu ya miti yake. Wanawake wanasubiri na mabeseni. Chisense, yaani dagaa wa huku, wanaanikwa juani, wanageuzwa kwa mkono, na kufika alasiri wanalia wakiguswa. Wanapimwa kwa meda, kile kibati ambacho kila muuzaji ana namna yake ya kukijaza, na kila mnunuzi ana namna yake ya kukitikisa. Kisha magunia yanapanda malori kwenda Copperbelt na Lubumbashi. Biashara hii ya chisense imeshikwa na wanawake kwa sehemu kubwa. Ni nani aliyeianza hapa mwaloni? Wapo wanaojua. Hakuna aliyeandika.

Zamani samaki mkuu hakuwa chisense. Alikuwa mpumbu, ambaye mvua zikinyesha alipanda mto Luapula kwa maelfu kwenda kutaga. Migodi ya Katanga ilikuwa na wafanyakazi wa kulisha, na kule Kasenga wakaja Wagiriki kutoka visiwa vya Dodecanese, na barafu, na boti za injini, na malori ya kwenda Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mpumbu akavuliwa akiwa njiani kutaga, mwaka baada ya mwaka, na kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ukawa umeporomoka. Leo Zambia inafunga uvuvi kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Kama hiyo ingefanyika mapema, huenda tungekuwa bado na mpumbu tele.

Katika wageni hao wa visiwa vya Ugiriki alikuwamo Myahudi mmoja wa Rhodes, Nissim Soriano, aliyefanya biashara ya samaki. Alimwoa mwanamke wa hapa, anayehusishwa na ukoo wa Mwata Kazembe, na mwaka 1964, kule Kashobwe, ng'ambo ya Luapula, wakapata mtoto: Moïse Katumbi. Wapenzi wa mpira mnamjua kabla ya wanasiasa. Chini yake TP Mazembe ya Lubumbashi ilichukua kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, na mwaka 2010 ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya klabu bingwa ya dunia. Inter Milan waliwafunga tatu bila, lakini kabla ya hapo Internacional ya Brazil ilikuwa imeshalazwa mbili bila, na jioni ile nani aliuliza golikipa Kidiaba ni wa upande gani wa mto?

Katumbi alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015. Alipoutaka urais, hadithi ya Mweru ikageuzwa kosa. Agosti 2018 alizuiwa mpakani Kasumbalesa asirudi nchini mwake. Mwaka 2021 ukaletwa mswada wa kutaka rais wa Kongo awe mtu ambaye baba na mama wote ni Wakongo, na kila aliyeusoma alijua shabaha ni nani. Mswada haukupita, akagombea mwaka 2023, akawa wa pili. Damu ya Rhodes, ya Kazembe na ya Kashobwe, ambayo sokoni kwetu ni jambo la kawaida, ikawa hoja bungeni Kinshasa.

Msikilizaji wa Zambia asianze kutikisa kichwa na kusema hayo ni ya Wakongo. Sisi tulitangulia. Frederick Chiluba alikuwa mtu wa Luapula, alisoma Kawambwa Secondary, akafukuzwa kwa sababu ya siasa, akaenda Tanzania kufanya ukarani kwenye shamba la mkonge. Alirudi, akapanda katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1991 akamshinda Rais Kenneth Kaunda kwenye kura, Kaunda akaondoka kwa amani. Hiyo peke yake ilitosha kumweka Chiluba kwenye orodha yoyote. Kisha mwaka 1996 serikali yake ikabadilisha katiba: mgombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia. Wazazi wa Kaunda walitoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Mwaka 1999 Mahakama Kuu Ndola ikatamka kwamba mtu aliyeiongoza nchi miaka 27 hakuwa raia wake.

Lakini kisu kile kilikuwa na makali pande mbili. Wapinzani wakampeleka mahakamani Chiluba mwenyewe, wakidai baba yake hakuwa Mzambia. Kesi ikazunguka, ushahidi ukaletwa wa huku na wa kule, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ikaitupa. Ni sawa ilivyoamua. Ila fikiria ujinga wenyewe: mtu wa bonde la Luapula, ambako kaka anaishi Zambia na dada Kongo, ndiye aliyeufanya ukoo kuwa kipimo cha uongozi. Kama yupo aliyepaswa kujua kwamba kipimo hicho hakipimi kitu, ni yeye. Habari zake nyingine, za hukumu ya madai ya London mwaka 2007 na kuachiwa kwake huru Lusaka mwaka 2009, na za viatu vyake vya kisigino, mnazijua, na jioni yetu ni fupi.

Mpaka huu tunaoutetea kwa jasho uliwekwa kwa makubaliano ya Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tarehe 12 Mei 1894. Hakuna Mshila wala Mlunda aliyeitwa. Mstari ukafuata mto, ukaingia ziwani, Kisiwa cha Kilwa kikabaki upande huu na mji wa Kilwa upande ule. Watu wakaendelea kuvuka. Walivuka kukimbia kodi, walivuka kutafuta kazi migodini, walivuka kuoa. Desemba 2000, Pweto ilipoanguka vitani, walivuka kuokoa roho. Mwaka 2017 wakaja tena maelfu, wakapokewa Kenani, na mwaka uliofuata wakahamishiwa Mantapala, katika wilaya hii hii ya Nchelenge. Kule Mantapala watoto wanakua na Kiswahili cha mama, Kibemba cha uwanjani na Kiingereza cha darasani. Mmoja wao siku moja atakuwa daktari, au mwanamuziki wa kalindula, muziki uliotoka mkoani humu humu, au golikipa. Na hapo tutaulizana tena: huyu ni wetu?

Mimi nasema tujibu sasa, kabla hajawa maarufu. Kwa sababu akishakuwa maarufu, tutamgombania. Na akishindwa, tutamkana. Tabia hiyo tunaijua.

Hivyo basi, ombi langu kwa madiwani na machifu wa ufuko huu, na kwa walimu wa pande zote mbili. Siku mtakapoandika majina ya watu wa Mweru, iwe kwenye ukuta wa shule, iwe kwenye kibao cha barabara ya kushuka mwaloni, la kwanza liwe Nachituti. Chinyanta afuate. Livingstone awemo, amefika kweli. Tippu Tip awemo pia, na pembeni paandikwe alichofanya. Katumbi asiachwe kwa sababu ya Kashobwe, wala Chiluba kwa sababu ya viatu. Na nyinyi akina mama wa chisense mnaonisikiliza mkiwa mmeinamia mabeseni: mtajieni mtoto anayejua kuandika jina la mwanamke aliyewafundisha biashara hii, na jina la aliyemfundisha yeye. Mtoto aandike, na karatasi mniletee. Nitayasoma hapa hapa hewani, moja baada ya jingine, ya Zambia na ya Kongo bila kuyatenga.